Mjukuu asome lini, Alhamisi au Jumamosi?

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kunisikia nikilalamikia vikao vya harusi. Leo nina kikao cha aina nyingine. Kilifanyika sebuleni kwa mama yangu hapa Mirongo, Jumapili mbili zilizopita, watu 14 na chupa mbili za chai.

Mdogo wangu anaishi Toronto, Kanada. Aliolewa huko na Myahudi, na kabla ya kupata mtoto naye akaingia dini hiyo: alisoma, akasimama mbele ya marabi watatu, akajizamisha majini. Sisi nyumbani ni Wakatoliki tangu enzi za babu. Mama alipopata habari ile hakula siku mbili, na kwa miaka kadhaa jina la mdogo wangu lilitajwa kwa sauti ya chini kama la marehemu. Aliyekuja kulainisha mambo ni mjukuu. Agosti mwaka huu mjukuu huyo ametimiza miaka 13, na Desemba anafanyiwa bar mitzva.

Maneno hayo maana yake ni mwana wa amri. Mimi nilidhani ni kama kipaimara, kwamba asipokuja askofu hakuna kitu. Mdogo wangu akanisahihisha. Mvulana wa Kiyahudi akifika miaka 13 anabanwa na amri zote kama mtu mzima, iwe amefanyiwa sherehe au hakufanyiwa. Msichana hufika mapema zaidi, kwa miaka 12. Kinachofanyika siku yenyewe ni kijana kuitwa mbele ya waumini na kusoma Torati, mara ya kwanza akihesabiwa mmoja wao. Kuchelewesha kunaruhusiwa, kuwahisha hapana. Ndiyo maana Desemba, shule zikifungwa, inafaa.

Sasa kwa nini wanakuja huku? Kwa sababu ya magoti ya mama. Ndege ya kwenda Toronto hawezi, na mdogo wangu aliniambia kwenye simu, “Dada, bila mama hiyo sherehe ni ya nani?” Hapa Mwanza ilishindikana. Kusoma Torati hadharani kunataka Wayahudi watu wazima wasiopungua kumi, na sisi hatukuwapata. Lakini ukilizunguka ziwa letu, ukaingia Uganda mpaka Mbale, wapo wengi.

Hao ni Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mpiganaji na mtawala aliyewahi kuwatumikia Waingereza, aliisoma Biblia akaamua kwamba amri za Agano la Kale hazijafutwa. Akajitahiri, akawatahiri na wanawe. Alifariki mwaka 1928, wafuasi wake wakaendelea. Idi Amin aliwapiga marufuku, wengi wakakimbilia dini nyingine, wachache wakasali kwa kujificha. Leo wana sinagogi kubwa kwenye kilima cha Nabugoye, na rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani, akapata daraja la urabi mwaka 2008. Alichaguliwa pia kuwa mbunge mwaka 2016. Kwa hiyo kijana wetu hatasoma mbele ya watalii. Atasoma mbele ya Waafrika wenzake wanaoijua sala ile kuliko baadhi ya majirani zake wa Toronto, na mdogo wangu anasema hilo kwake ni kubwa kuliko keki.

Turudi kwenye kikao. Mjomba, ambaye ni mwenyekiti wa kila kamati ya ukoo wetu hata asipochaguliwa, alikuja na daftari: emsii, muziki, sare, mpiga picha, kutuza. Akaweka yote Jumamosi, siku ya kusoma. Tukampigia mdogo wangu simu, tukaweka sauti kubwa. Akasikiliza yote halafu akasema taratibu, “Mjomba, Jumamosi ni Sabato. Hakuna picha, hakuna simu, hakuna kushika fedha, na gari haliwashwi mpaka nyota tatu zionekane usiku.”

Kimya. Halafu mjomba: “Sasa hiyo ni sherehe au msiba?”

Ikaonekana kuna njia ya kutokea. Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo picha hazina shida, ngoma hazina shida. Familia nyingi zinazosafiri mpaka Yerusalemu hupanga siku hizo kwa sababu hiyohiyo. Alhamisi ikapigiwa makofi. Mdogo wangu naye, kwa kuchoka au kwa heshima, akakubali nusunusu. Mimi nilikuwa katibu, nikaandika Alhamisi.

Ndipo kijana akaomba simu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini tulimwelewa. Alisema, “Mama mkubwa, mimi nimesoma mwaka mzima.” Nami nikamuuliza kuna tofauti gani. Akanieleza. Alhamisi husomwa mwanzo tu wa somo la wiki, mistari michache. Jumamosi husomwa lote, na juu yake somo la manabii, ambalo ndilo alilolifanyia kazi kuliko yote. Tena gombo la Torati limeandikwa konsonanti tupu, halina irabu wala alama za kuimbia, hivyo msomaji lazima awe na sauti na tuni kichwani kabla hajasimama. Mwaka mzima mtoto anarudi kutoka shule, anaimba peke yake chumbani. Halafu wajomba na mashangazi asiowajua vizuri wanamkatia kazi yake ili picha zitoke vizuri!

Nilifuta Alhamisi. Nasema wazi, niliifuta kabla mwenyekiti hajaruhusu, na bado hajanisamehe.

Mama alikuwa hajasema neno. Akauliza tu somo lenyewe ni lipi. Kijana akasema ni Yusufu kule Misri, akijitambulisha kwa ndugu zake. Mama akaagiza Biblia yake, akavaa miwani, akasoma Mwanzo 45 na kuendelea mpaka pale Yakobo anapofunga safari uzeeni kwenda kumwona mwanawe. Akaweka kidole kwenye ukurasa. “Huyu alikuwa na miaka 130,” akasema. “Mimi nina 78. Jumamosi.”

Basi mpango umekuwa hivi. Tunafika Mbale Alhamisi jioni, ili Ijumaa kabla jua halijazama kila kitu kiwe kimeshapikwa, maana Sabato moto hauwashwi. Tumetafuta vyumba karibu na kilima, ili mama atembee polepole asihitaji gari. Fedha ya emsii na ya mapambo tumeihamishia kwenye chakula cha waumini wote baada ya sala, kwani ni kawaida familia yenye bar mitzva kuwalisha wenyeji. Barua ya kuomba siku hiyo mdogo wangu aliituma mapema mno, na wewe ukipatwa na jambo kama hili fanya hivyo: nyumba ya sala ya watu si ukumbi wa kulipia kishika nafasi.

Chakula kilituletea mjadala. Nyama na maziwa havikai meza moja, kwa hiyo pilau ya nyama na mtindi wa shangazi haviendi pamoja. Samaki lazima awe na mapezi na magamba: sato sawa, sangara sawa, kambale abaki nyumbani. Mama alitaka tubebe sato wa Mwaloni kwenye boksi la barafu. Kaka, ambaye ndiye dereva, alikataa kata kata kuvuka mipaka miwili na samaki. Tutanunua Kisumu, ziwa ni lilelile.

Meli ya Bukoba ingetupunguzia mpaka mmoja, lakini mama hajapanda meli tangu Mei 1996, na watu wa Mwanza hamhitaji kuelezwa. Tunapita Sirari, tunalala Kisumu, kesho yake Busia na Tororo. Pasipoti na kadi za homa ya manjano zimeshakusanywa, isipokuwa ya mjomba.

Mjomba tumempa Jumapili. Siku hiyo ngoma zipo, sare zipo, mpiga picha yupo, na kutuza ruksa. Nilipomweleza kwamba Wayahudi hupenda kutoa zawadi kwa mafungu ya 18, kwa kuwa herufi za neno lao la uhai zikihesabiwa hufikia 18, alifurahi sana. Ameahidi shilingi 180,000. Ahadi nimeiandika, tutaona.

Juzi mama aliniomba nimpigie mdogo wangu. Alitaka kujua kama anaweza kuingia mle na rozari yake mkobani. Upande wa pili kulikuwa kimya, nikafikiri mtandao umekata.

“Mkobani, mama,” akasema. “Njoo nayo.”