Presha ipimwe Gwata, dawa zikiwa tayari

Shinikizo la juu la damu huharibu mwili kimyakimya. Ndiyo maana tunaunga mkono kwa dhati upimaji wa presha kwa watu wote katika vijiji kama vya Gwata, mkoani Pwani. Anayegundulika mapema anaweza kuepuka kiharusi, moyo kushindwa kazi na figo kuharibika. Utafiti uliofanyika Hai na Ilala miaka ya 1990 ulionyesha kuwa chini ya mtu 1 kati ya 5 wenye presha ndiye aliyekuwa akijua hali yake.

Tatizo huanza kambi ya upimaji inapoondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wakazi wa Dar es Salaam waliokutwa na presha na kushauriwa kutafuta tiba. Baada ya miezi 12, asilimia 34 tu walikuwa wamekwenda kwa mtoa huduma, na asilimia 3 ndio waliokuwa wakitumia dawa. Na huko ni mjini. Mkulima wa Gwata akiambiwa aende hospitali ya Tumbi, ataanza kwa kutafuta nauli.

Presha ya wengi pia hushuka inapopimwa siku nyingine. Aliyetembea mwendo mrefu juani asitangaziwe ugonjwa wa maisha kwa kipimo kimoja kilichovuka 140/90.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zihakikishe kwanza zahanati zina dawa kila mwezi, zina daftari la waliogundulika, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawapitia majumbani. Bajeti ya kambi isiyo na fungu la dawa irudishwe mezani.