Mpe kishikwambi, lakini kaa naye

Mzazi wa mjini siku hizi akitaka ujue anavyojali elimu ya mwanawe, anakuonyesha simu. Hii programu si mchezo, atakwambia, imetengenezwa na wataalamu wa ubongo. Basi mtoto wa miaka minne anaachwa nayo sebuleni, wakubwa wakaendelea na yao. Neno "ubongo" linauza. Huko Marekani iliuzwa bidhaa iitwayo Your Baby Can Read, ikidai kufundisha hata watoto wachanga kusoma; mwaka 2012 serikali iliishtaki kwa matangazo ya uongo.

Lakini tuache matapeli, tutazame kilicho bora. GraphoGame ilizaliwa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, kwa watafiti wa kweli. Mtoto anasikia sauti, herufi zinadondoka kwenye skrini, anagusa inayolingana nayo. Mwaka 2020 watafiti walikusanya majaribio yake mengi na kukuta kwamba, kwa wastani, haikumwongezea mtoto uwezo wa kusoma maneno. Iliposaidia, ni pale mtu mzima aliposhiriki kwa karibu. Mchezo ni uleule!

Sishangai. Mfaransa Stanislas Dehaene, bingwa wa sayansi hiyohiyo ya ubongo, anaeleza kwamba hakuna anayezaliwa na mahali pa kusomea kichwani. Mtoto huunganisha herufi na lugha anayoizungumza tayari. Lugha hiyo kaipata wapi kama si kwa watu? Na Kiswahili chetu, ba be bi bo bu, hakimsumbui sana mtoto kwenye kutamka. Kazi iko mbele ya hapo. Mchezo wa kugusa humpongeza akiigusa ng' sahihi, lakini hausikii anaposoma ng'ombe kwa ng ya ngoma, wala haumuulizi huyo ng'ombe kaingia shamba la nani.

Najua nitatajiwa Tanga. Huko shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vya watoto kujifunzia wenyewe katika vijiji 170 kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni ushindi, naukubali. Ila wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Wako anayo, na jioni ana wewe.

Shule ya awali ikikudai ada ya ziada kwa "programu ya ubongo", usiulize ina michezo mingapi. Uliza nani hukaa na watoto inapochezwa, na kila mmoja husoma kwa sauti mbele ya nani.