Kipaji hakilipi kodi ya nyumba

Jamani, leo naomba tugombane kidogo.

Kuna sentensi nimeichoka: "Uchoraji ni kipaji, haufundishwi." Wanaisema wazazi, walimu, hata wachoraji wenyewe hapa Mwanza. Kijana anachora sato na jiwe la Bismarck kwenye kibao kidogo cha kuwauzia watalii, watu wanamwangalia na kusema: huyu ana kipaji. Basi, mjadala umekwisha. Kijana anarudi kuhangaika na picha moja kutwa nzima, kisha anaiuza kwa bei ya sahani mbili za wali samaki.

Mimi nasema huo ni uvivu wa kufikiri. Tena ni ukatili, maana anayekwama tunamwambia Mungu hakumjalia.

Najua mtanitajia Edward Saidi Tingatinga. Eti hakusoma chuo chochote cha sanaa, mbona dunia inamjua? Sawa. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi, akafa. Miaka minne tu! Kama ile kazi ingekuwa kipaji chake peke yake, tungeizika naye. Haikuzikwa kwa sababu alifundisha. Kina January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Matambwe, Simon Mpata na Omari Amonde walikaa pembeni yake, wakamwona akifanya kazi, wakashika brashi. Mwaka 1990 warithi wa mtindo huo wakawa na chama cha ushirika. Lile lilikuwa darasa, hata kama halikuwa na chaki.

Na angalieni lilivyofanya kazi. Mwanafunzi haanzi na chui. Anaanza kwa kupaka rangi ya nyuma, kibao baada ya kibao. Cha kwanza kikiwa kinakauka, mkono uko kwenye cha tano. Halafu maumbo, mwisho madoa na mistari. Anayeng'ang'ania picha moja mpaka iishe anakaa kusubiri rangi ikauke. Hiyo si sanaa, ni foleni.

Sasa nendeni Uingereza. Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham inauza askari wadogo wa plastiki wa mchezo wa Warhammer, wengi hawazidi urefu wa kidole gumba. Wako watu wazima wanaolipia madarasa ya wikiendi ili wajue kuwapaka rangi haraka na vizuri. Wanafundishwa kupaka rangi ya msingi askari kumi kwa mpigo, kisha rangi nyepesi ya giza inayotiririkia kwenye mikunjo na kuwa kivuli, kisha brashi karibu kavu inayopita juu juu na kuacha mwanga. Na ule ni mchezo! Anayecheza anakwenda darasani, anayetafuta ugali anaambiwa asubiri kipaji.

Mtasema darasa litawafanya wote wachore sawa. Kwani sasa hivi hawachori sawa? Twiga yule yule, Kilimanjaro ile ile. Anayechungulia picha iliyokwisha anaona matokeo tu, haoni hatua, kwa hiyo hana anachoweza kubadilisha. Aliyefundishwa hatua ndiye anayeweza kumtoa twiga akaweka mtumbwi wa Kirumba.

Na muda hautusubiri. Mashine za kuchapa mabango zimeshamnyang'anya mchora mabango kazi yake. Kilichobaki ni vitu vidogo ambavyo mnunuzi anavitaka kwa sababu vimechorwa kwa mkono. Huko mwendo na ubora ndiyo mtaji.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Safi. Lakini mkopo bila ujuzi ni deni. Tuna Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Tuna wachoraji wazee wenye mikono iliyokomaa. Walipwe, wafundishe kila Jumamosi. Hatuhitaji ghorofa wala mfadhili, ni vibao, rangi, na mtu wa kusema: rudia, hapa umekosea.

Nanyi wazazi, mtoto akichora vizuri acheni kumpigia makofi ya kipaji. Mtafutieni mwalimu.