Filimbi ya Mwisho na Faraja ya Mgonjwa

Game Boy ilitoka mwaka 1989, ikiwa na kioo kisicho na rangi na betri nne ndogo. PSP ikafuata mwishoni mwa 2004. Vifaa hivyo havitengenezwi tena, lakini hata leo wapo watu wazima wanaovitafuta ili wacheze mpira wa miguu wa enzi zile. Wengi huuona kuwa utoto. Mimi naona kuna hekima ndani yake, nayo inatuhusu sisi tunaohudumia wagonjwa.

Mchezo wa zamani una mwisho. Filimbi ikilia, mechi imekwisha, na kifaa chaweza kuzimwa. Hauhitaji intaneti, wala haumdai mchezaji fedha. Michezo mingi ya sasa imeiacha tabia hiyo. Katika FIFA 18, mchezaji aliweza kununua pakiti za wanasoka pasipo kujua amemnunua nani. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikaamua kuwa biashara hiyo ni kamari.

Mwaka 2006, madaktari wa usingizi huko New Jersey, Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya watoto 112 wenye umri wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa wakisubiri upasuaji. Wasiwasi wa waliopewa mchezo mdogo wa mkononi, wakiwa na mzazi kando yao, haukupanda kama wa wenzao ulipofika wakati wa kutiwa nusu kaputi. Akili iliyoshughulika haina nafasi kubwa ya kulea hofu.

Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya video katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Lakini dalili zake ni kushindwa kujizuia na kuendelea kucheza hata maisha yanapoharibika. Kufurahia mchezo peke yake si ugonjwa. Ndiyo maana mchezo wenye kikomo unamfaa zaidi aliyelazwa.

Basi, ndugu muuguzi, kifaa kifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumfikia mgonjwa mwingine, sauti izimwe, na usiku kiwekwe kando. Lakini ukimkuta kijana kitandani anacheza, nawe umeshika sindano, muulize kwanza mechi imebakiza dakika ngapi. Dawa isiyo ya dharura yaweza kuingoja filimbi.