Fundi asilipwe kabla ya orodha ya nyaya

MFEREJI ukikauka huko Meru, mkulima huufuata kwenda juu hadi aone ulipozibwa. Waya wa kompyuta uliopita ukutani haufuatiki hivyo. Kwa hiyo SACCOS au duka la jumla linalofungiwa mtandao mjini Arusha lisimalizie malipo ya fundi kabla hajakabidhi orodha ya nyaya.

Nyaya za ofisi hukutana kwenye pachi paneli, kibao chenye matundu, mara nyingi 24. Orodha iseme tundu la 7 linakwenda kwa keshia, la 8 kwa mhasibu, na namba hizo zibandikwe ncha zote mbili za waya. Bila hivyo, hitilafu ya waya mmoja humfanya fundi achomoe nyaya kwa kubahatisha, huku mkulima aliyefuata fedha za mbolea akisubiri kwenye benchi.

Vituo vikubwa vya data hutumia programu kama NetBox, iliyotolewa mwaka 2016, ambayo toleo lake la wazi halina ada. Ofisi yenye kompyuta tano haiihitaji, hata muuzaji aseme nini. Daftari latosha, mradi kila badiliko liandikwe siku hiyohiyo. Lililopitwa na wakati hupoteza watu kuliko kukosa kabisa. Likae kwa katibu, maana fundi akihamia Dodoma huondoka na ramani yote kichwani.