Wiki ya mwisho kabla ya marathoni: Kwa nini mapumziko huwashinda wengi

HAKUNA zoezi linaloweza kufanywa Jumatano likamwongezea mkimbiaji nguvu za kukimbia marathoni Jumapili. Makocha wa mbio ndefu wamelisema jambo hilo kwa miaka mingi. Hata hivyo, kila zinapokaribia mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo tangu mwaka 2003 hufanyika mjini Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hawakosekani watu wanaoamka alfajiri ya wiki hiyo ya mwisho kukimbia kilomita 25 au 30, mithili ya mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani.

Tofauti ni kwamba mwanafunzi huyo anaweza kuambulia swali moja. Mkimbiaji haambulii kitu. Mwili huchukua siku 10 au zaidi kuligeuza zoezi zito kuwa nguvu, na kabla ya hapo kinachobaki miguuni ni uchovu. Mwaka 2007 mtafiti Laurent Bosquet na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti mbalimbali kuhusu wanamichezo wanaojiandaa kwa mashindano. Walibaini kuwa wanaonufaika zaidi ni wale wanaopunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili, bila kupunguza kasi.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo husahaulika. Kupumzika si kulala kitandani wiki nzima. Mkimbiaji huendelea kutoka, lakini kwa umbali mfupi, na katikati ya wiki hukimbia dakika chache kwa mwendo anaokusudia kuutumia siku ya mashindano, kisha hurudi nyumbani akiwa bado na hamu ya kuendelea. Kwa mtu aliyezoea kupima juhudi zake kwa jasho, hiyo ni adhabu kubwa kuliko kilomita 30.

Huenda ushindi wa hivi karibuni umeikuza hofu hiyo. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya wote wawili kupewa muda wa saa 2:09:48. Anayeitazama picha ya mwisho wa mbio hizo ni rahisi kuamini kwamba kila hatua ya mazoezi ina thamani, na kwamba siku moja ya mapumziko ni medali iliyopotea. Lakini kilichomvusha Simbu mbele ya Petros kilijengwa kwa miezi na miaka.

Madhara ya hofu huonekana zaidi katika dawa. Paula Radcliffe wa Uingereza alikwenda Athens Agosti 2004 akishikilia rekodi ya dunia ya saa 2:15:25, aliyoiweka London mwaka mmoja kabla. Wiki mbili hivi kabla ya mbio aliumia mguu, akatumia dawa kali za kupunguza uvimbe na maumivu. Baadaye ilielezwa kuwa dawa hizo zilimvuruga tumbo, mwili ukashindwa kupokea chakula ipasavyo. Aliishia njiani, zikiwa zimebaki kilomita sita hivi, akilia kando ya barabara. Ikiwa bingwa mwenye madaktari wake aliharibikiwa namna hiyo, mtu anayenunua vidonge duka la dawa na kuvimeza alfajiri ya mbio ana sababu ya kuogopa zaidi, hasa kwa kuwa dawa za aina hiyo, zikichanganyika na joto na upungufu wa maji mwilini, huweza kudhuru figo.

Maji nayo yana hesabu yake. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio na kukuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi ya sodiamu, tatizo lililohusishwa zaidi na kunywa kupita kiasi. Februari Moshi huwa na joto kali, na ushauri wa "kunywa sana" hutolewa kwa nia njema. Ulio salama ni kunywa kwa kufuata kiu.

Kuhusu chakula, watafiti wa Sweden walionyesha tangu miaka ya 1960 kuwa wanga huongeza akiba ya sukari inayohifadhiwa katika misuli. Wali, ugali, viazi na ndizi vinatosha kabisa, mradi viliwe kwa siku mbili tatu, si kwa sahani moja kubwa Jumamosi usiku. Kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji, hivyo uzito huweza kupanda kidogo. Wapo wanaoiona mizani, wakashtuka na kwenda kukimbia tena.

Inabaki safari. Anayeondoka Dar es Salaam kwa basi Jumamosi asubuhi hukaa kitini kutwa nzima, akafika Moshi jioni na kuanza kutafuta pa kulala, na saa chache baadaye yuko katika mwinuko wa kuelekea Mweka. Nauli ya Alhamisi ni ileile. Waandaaji hutoa namba za washiriki Dar es Salaam, Arusha na Moshi katika wiki hiyohiyo, na hakuna siku nyingine wanayokutana na karibu kila mkimbiaji ana kwa ana. Karatasi moja ya Kiswahili kuhusu dawa, maji na usingizi, ikitolewa pamoja na namba, ingemfikia hata yule asiye na kocha wala klabu.