Kadi Iliyopinda

Wako watu wenye elimu, na wengi wao ni watu wema, ambao hutoa hukumu moja kila mwaka ifikapo Desemba: kwamba kadi ya Krismasi iliyotengenezwa nyumbani kwa karatasi ya manila, mkasi na gundi ni aibu kwa aipelekaye na mzigo kwa aipokeaye. Husema hivyo mbele ya ukoo mzima, kadi ikiwa mkononi mwao na mtoto aliyeitengeneza akiwa amesimama mlangoni. Hukumu hiyo imeishi muda mrefu bila ya kupingwa kwa sababu hutolewa kwa kicheko, na kicheko hakidaiwi ushahidi. Insha hii inaudai.

Mfano wangu nautwaa katika miteremko ya Kilimanjaro. Kila mwisho wa mwaka Wachaga waishio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hujaa mabasi kurudi migombani kwao. Nyumba ya babu, iliyokuwa na watu wawili mwezi uliopita, huwa na watu thelathini. Mtori hupikwa, mbuzi huchinjwa, mbege ya ndizi na ulezi huzungushwa, na watoto waliokuwa wakijuana kwa majina tu hujuana kwa nyuso. Katika mkutano kama huo kadi ya mtoto hufika ikiwa imesafiri siku nzima ndani ya daftari, nayo hufika na ila zake zote.

Ila hizo sizikani. Mwandishi mdogo huanza herufi ya K kwa ukubwa wa mlango, akafika katika neno la mwisho amebakiwa na nafasi ya upana wa kidole. Basi herufi zilizosalia husongamana ukingoni kama abiria wa daladala. Wino mbichi huguswa na kiganja, na nyota ya Bethlehemu ikawa na mkia usiokusudiwa. Gundi ya maji, au uji wa unga wa muhogo utumikao badala yake, hupakwa kwa ukarimu. Nyuzi za karatasi hunywa maji na kuvimba, upande uliopakwa hutanuka na upande mkavu hukataa, na kadi hujikunja kama jani la mgomba juani. Tena karatasi itokayo mtamboni nyuzi zake hulala zaidi upande mmoja: ukiikunja kwa kuzifuata, hutii, ukiikunja kwa kuzikatisha, hupasuka mgongo. Samaki mkunje angali mbichi, walakini karatasi ikunje ingali kavu, na ufuate nyuzi zake. Mtoto aliyeharibu kadi tatu anaijua sheria hii bila ya kufundishwa na mtu. Aliyenunua kadi tatu hakujua ila bei.

Wapinzani wetu hujibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ni ya sokoni. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaobandika vipande vya maganda makavu ya mgomba juu ya kadi na kuwauzia wageni wana haki ya kupimwa kwayo, maana kazi yao ni biashara, na mnunuzi ana haki ya kudai ukingo ulionyoka. Kadi ya mjukuu kwa bibi yake haikuletwa sokoni. Mizani yake ni methali nyingine, ambayo wazee wetu waliiweka makusudi kwa ajili ya zawadi: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wengine husema kwamba kadi ya dukani ina heshima ya asili na mapokeo. Na tuitazame asili hiyo. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, na barua zikaongezeka. Mwaka 1843 Henry Cole wa London, mmoja wa waliopigania posta hiyo, alizidiwa na barua za Krismasi zilizomtaka majibu. Akamwagiza mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kumjibia kila mtu. Zilichapwa nakala zipatazo 1,000, na zilizouzwa ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja, bei iliyotosha kulipia barua kumi na mbili. Maneno yote yalikuwa yamekwisha kuchapwa, ikabaki nafasi ya kujaza jina la mpelekewa na la mpeleka. Kumbe kadi ya kuchapwa ilizaliwa kwa kukosa nafasi ya kuandika! Wala haikuzaliwa bila ya ila: picha yake ilionyesha ukoo uliokusanyika ukinywa mvinyo, na mtoto mdogo akinyweshwa, na wapinga ulevi wakalalamika. Rangi zake, zaidi ya hayo, zilipakwa kwa mkono. Mtu anayeitukuza kadi ya dukani kwa ukongwe wake anatukuza njia ya mkato aliyoitafuta mtu mwenye shughuli nyingi.

Kundi la tatu husema zama zimepita; simu inatosha. Simu ni chombo chema, na salamu yake hufika kabla ya basi kuondoka kituoni. Lakini salamu iliyotungwa na mtu asiyejulikana, ikapitishwa kwa shangazi, kwa mwajiri na kwa fundi wa mabomba bila ya kubadilishwa nukta, haikumsalimu hata mmoja wao. Kosa si la simu. Kosa ni lilelile la mwaka 1843, ila sasa halina gharama, na kwa hiyo halina mpaka.

Sasa nafika penye kiini cha shauri langu, na hapa nasema na wanafunzi na wanazuoni hasa. Kadi nyingi za kuchapwa zipatikanazo madukani mwetu zina beti za Kiingereza. Bibi asiyesoma lugha hiyo hupokea karatasi nzuri inayohitaji mkalimani ili aambiwe kwamba anapendwa. Mtoto mwenye karatasi tupu hana beti la kujifichia. Humbidi aulize: nimwambieje bibi? Nianze na shikamoo? Nitaje mbuzi wake, au mguu wake uliokuwa ukiuma? Huko ndiko kutunga. Sisi hukaa katika makongamano tukasikitika kwamba vijana hawaandiki Kiswahili kwa moyo. Halafu, siku moja katika mwaka ambayo mtoto amekiandika kwa hiari yake, bila ya mtihani na bila ya alama, twamcheka kwa sababu gundi ilizidi. Lugha inayoachiwa matangazo, risiti na hotuba peke yake haifi, lakini hupungukiwa na damu.

Siwatetei wote. Yuko mzazi ambaye usiku huchukua kadi ya mwanawe, akaikata upya, akaandika kwa hati yake mwenyewe, na asubuhi akapokea sifa kwa jina la mtoto. Kadi hiyo imenyoka, nayo ni uongo. Mtoto hujifunza kwayo kwamba mkono wake hautoshi, na funzo hilo hudumu kuliko karatasi. Yuko pia anayesifu kila kitu bila ya kukitazama. Naye ni mvivu kama yule anayecheka.

Ninachodai ni kidogo. Kadi ikifika mbele ya ukoo, na isomwe kwanza maneno yake, kwa sauti, kabla ya kupimwa kingo zake. Ajuaye kukunja karatasi amwonyeshe mtoto, kesho yake, faraghani. Na aliyeandikiwa ajibu kwa mkono wake, hata kwa mistari miwili. Mcheza kwao hutunzwa. Asipotunzwa kwao, tusishangae akienda kucheza kwa wengine, kwa lugha ya wengine.